Gawio la Hisa: Ni Haki ya Nani, na kwa Dhima Gani?

Katika mambo ambayo watu wa miji yetu ya pwani huulizana, barazani na baada ya sala, ni hili la fedha zinazotolewa na makampuni kwa watu walionunua hisa zao. Mtu hununua hisa, akaziweka, kisha akaendelea na shughuli zake. Mwaka ukipita huletewa fungu lake katika benki au katika simu, naye hakuinua mzigo wala hakufungua duka. Baadhi ya watu husema: hii ni riba iliyovaa kanzu nyingine, kwani ni fedha iliyozaa fedha. Na wengine husema: kampuni yauza bidhaa ya halali, basi fungu lake ni halali, na mwenye kulila hana haja ya kuuliza zaidi.

Sisi twaona kwamba makundi mawili haya yamefanya haraka. La kwanza limeharamisha kabla ya kutazama fedha hizo zatoka wapi. La pili limehalalisha kisha likafumba macho. Suala lenyewe lina sehemu mbili, wala haifai kuzichanganya. Kwanza: yule asiyefanya kazi ana haki gani katika faida? Pili: ikiwa anayo haki hiyo, je, anabeba dhima yoyote ya namna faida hiyo ilivyochumwa? Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba haki anayo na dhima anayo, wala viwili hivi havitengani. Ama kwa urefu, ni kama haya yafuatayo.

GAWIO NI NINI

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa sharika na wageni. Wazee wetu walisafiri kwa majahazi, na hesabu ya jahazi waliijua. Mwenye chombo hutoa chombo, mfanyi biashara hutoa bidhaa, nahodha na mabaharia hutoa kazi yao. Chombo kikirejea salama, kwanza hutolewa gharama za safari: chakula, kamba, matanga, ushuru wa bandari. Kinachobaki ndicho hugawanywa, hili fungu la chombo na hili fungu la mabaharia. Na lau chombo kimezama, mwenye chombo hapati kitu, wala hawezi kuwaendea jamaa za nahodha akawaambia, "Nilipeni kama tulivyoagana." Faida ilikuwa bado haijazaliwa, basi hakuna cha kudai.

Gawio la kampuni kwa asili yake ni hilo hilo, ijapokuwa ofisi ni ya ghorofa na daftari ni la mashine. Kampuni huuza, kisha hutoa gharama zake: bei ya bidhaa, mishahara ya wafanyakazi, kodi ya majengo, madai ya wakopeshaji, na kodi ya Serikali. Kikibaki kitu, hicho ndicho faida. Hapo wakurugenzi hukaa wakatazama: sehemu gani ibakizwe ndani ya kampuni kwa kununua mitambo na kujikinga na siku mbaya, na sehemu gani wagawiwe wenye hisa. Sehemu hii ya pili ndiyo gawio. Hutajwa kwa kila hisa moja, ili mwenye hisa 100 na mwenye hisa 100,000 wapimiwe kwa pishi moja. Hutangazwa siku ya kufunga daftari, na ambaye jina lake limo siku ile ndiye alipwaye. Gawio la mwisho wa mwaka hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa wenye hisa ili ulikubali. Na lile la katikati ya mwaka, wakurugenzi huweza kulitoa wao wenyewe.

Tuchukue mfano ambao wengi katika wasomaji wetu waujua. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024, kampuni ya Safaricom ilitoa gawio la Sh 1.20 kwa kila hisa: senti 55 katikati ya mwaka, na senti 65 mwishoni. Mtu mwenye hisa 1,000 alistahiki Sh 1,200. Serikali hukata kodi ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya, yaani Sh 60, akabakiwa na Sh 1,140. Hisa za kampuni hiyo zapita bilioni 40, basi jumla ya gawio la mwaka ule ilikuwa kiasi cha Sh bilioni 48. Twataja hesabu hii ili ijulikane kwamba kijito kidogo kimfikiacho mtu mmoja ni tawi la mto mkubwa, na mto huo una chanzo chake.

TOFAUTI YAKE NA RIBA

Sasa tutazame hoja ya wale wasemao kwamba gawio ni riba. Riba ni ziada iliyoshurutizwa juu ya deni. Mkopeshaji hutoa mia akaandikiana na mdaiwa kwamba atarudishiwa mia na kumi, mdaiwa apate asipate, avune au jua limchomee shamba. Hasara yote ni ya mmoja, na amani yote ni ya mwingine. Hii ndiyo dhulma iliyoharamishwa katika Kitabu, wala hatujui mwanachuoni anayeikhalifu asili ya hukumu hiyo.

Mwenye hisa hayuko mahali hapo. Yeye si mdai wa kampuni, bali ni mshirika ndani yake, naye husimama mwisho wa safu. Wote hulipwa kabla yake. Kampuni isipopata faida, hana gawio. Na ikifilisika, wadai huchukua vilivyopo, naye mara nyingi hukuta sufuria imekwisha kupanguswa.

Historia ya pwani yetu yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1888 ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na William Mackinnon, ilipewa hati ya Malkia wa Uingereza, ikaweka makao yake Mombasa. Kampuni hiyo haikupata kuwalipa wenye hisa wake gawio hata mara moja. Mwaka 1895 iliachia mamlaka yake kwa fidia ya pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fidia hiyo ilitolewa katika fedha za Sultani wa Unguja. Hatuwahurumii wenye hisa wale, kwani yao tunayajua. Tunachoonyesha ni kwamba kutia mali katika hisa si kutia katika sanduku lenye kufuli. Na pia msomaji azingatie kwamba hasara ya wenye nguvu huweza kusukumwa hata ikaangukia mlango wa mtu mwingine. Jambo hilo tutalirejea.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa Sh 5 kila moja. Watu wengi walikopa benki ili wanunue. Bei ikaanguka chini ya ile waliyonunulia, ikakaa huko kwa miaka. Gawio la mwaka ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Basi mtu yule aliyekopa kwa riba ili apate hisa alikuwa na mikataba miwili mkononi mwake kwa wakati mmoja. Kwa mkono mmoja alikuwa mwenye hisa, akapokea senti 10 kwa sababu faida iliyogawanywa ilikuwa ndogo. Kwa mkono wa pili alikuwa mdaiwa, na benki haikumpunguzia hata shilingi kwa sababu bei imeshuka. Anayetaka kuijua tofauti ya gawio na riba na amtazame mtu huyu. Hahitaji kitabu kingine.

Lakini si kila kiitwacho hisa ni sharika ya kweli. Ziko hisa za upendeleo, ambazo mwenyewe huahidiwa fungu maalumu la kila mwaka, asilimia kadhaa ya fedha alizotia, naye hulipwa kabla ya wenziwe. Jina lake ni hisa, lakini tabia yake ni ya deni. Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1992 mjini Jeddah, lilikubali asili ya kushiriki katika makampuni yenye kazi ya halali, na papo hapo likakataza hisa za upendeleo zenye kudhamini rasilmali au faida. Hili ni jambo la akili kabla ya kuwa la fatwa: aliyekataa kubeba hasara pamoja na wenziwe hana uso wa kuketi nao siku ya kugawana.

JE, ASIYEFANYA KAZI ANASTAHIKI?

Huenda mtu akasema: tumekubali kwamba gawio si riba, lakini mtu huyu hakutoka jasho. Wafanyakazi ndio waliopanda minara na kukaa madukani. Kwa nini yeye ale?

Twajibu kwamba mali iliyotolewa kwa hiari, ikawekwa katika hatari ya kupotea, ikawawezesha wengine kufanya kazi, ina haki yake. Bila ya chombo, mabaharia hawasafiri. Na mtu wa kawaida aliyenunua hisa 200 huwa amezinunua kwa akiba ya jasho lake la zamani: ni mwalimu, ni fundi, ni mama aliyekuwa akiuza mahamri. Bibi Khadija, kabla ya Utume, alikuwa akitoa bidhaa zake wasafiri nazo watu waaminifu kwenda Sham, wakagawana faida naye hali yeye amekaa Makka. Na mwaminifu aliyesafiri na mali hiyo twamjua ni nani. Hakuna aliyesema kwamba faida yake ilikuwa batili kwa kuwa hakuongoza ngamia kwa mkono wake.

Haki ya mwenye hisa, basi, imethibiti. Na hapa ndipo watu wengi hufunga daftari wakaenda zao, wakidhani kwamba mas'ala yamekwisha; lakini kwetu sisi ndiyo kwanza yaanza.

AULIZAYE KIASI GANI, ASIULIZE KWA NJIA GANI

Mwaka 1602 Waholanzi waliunda Kampuni ya India ya Mashariki, iliyokuwa miongoni mwa makampuni ya kwanza duniani kupokea fedha za watu wote, kubwa na ndogo, kwa njia ya hisa. Katika daftari la mji wa Amsterdam peke yake walijiandikisha watu zaidi ya 1,000. Walikuwamo wafanyi biashara wakubwa, na alikuwamo mtumishi wa nyumbani aliyetia guilder 100. Wenye hisa walingoja miaka 8. Mwaka 1610 kampuni ilitoa gawio lake la kwanza, na kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa chache, ililipa kwa viungo: kwanza basibasi, kisha pilipili manga na fedha kidogo.

Msomaji wa pwani aijua basibasi, kwamba ni ule utando mwekundu uizungukao kokwa ya kungumanga. Zama zile kungumanga haikuota popote duniani ila katika visiwa vidogo vya Banda, mashariki mwa nchi iitwayo leo Indonesia. Wenyeji wa visiwa hivyo, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, walizoea kumuuzia kila mfanyi biashara aliyekuja na bei nzuri. Kampuni ilitaka wamuuzie mmoja tu, nayo iwe ndiyo huyo mmoja, kwa bei iipendayo yenyewe.

Mwaka 1621 gavana wa kampuni, Jan Pieterszoon Coen, aliwaendea kwa jeshi. Wazee wao zaidi ya 40 walikatwa vichwa. Wengine waliuawa vitani, wengine walikufa kwa njaa milimani walikokimbilia, wengine wakachukuliwa utumwani Batavia. Yakisiwa kwamba visiwa vile vilikuwa na watu wapatao 15,000, na waliosalia hapo walikuwa kiasi cha elfu moja. Ardhi ikakatwa mafungu, ikapewa Waholanzi, ikalimwa na watumwa walioletwa kutoka mbali. Tangu hapo kampuni haikuwa na mshindani katika kungumanga na basibasi, na faida yake ikawa kubwa.

Sasa tazama jambo hili. Mwaka uliofuata, 1622, wenye hisa kule Uholanzi waliwashambulia wakurugenzi hadharani, wakachapisha vijitabu vya malalamiko. Walilalamikia nini? Kwamba wakurugenzi hawaonyeshi mahesabu, na kwamba gawio halitoshi. Madai hayo yalikuwa ya haki, wala hatuwalaumu kwa kuyatoa. Lakini yanatuonyesha kwamba wenye hisa wale walikuwa na ulimi, na walijua kuutumia pale fungu lao lilipoguswa. Hata kama habari za Banda zilikuwa hazijawafikia mwaka ule, kwani merikebu zilikwenda kwa miezi mingi, zilifika baadaye. Na faida ya basibasi iliendelea kugawanywa Uholanzi kwa zaidi ya miaka 150. Wauaji walikuwa wachache. Waliokula matunda ya mauaji walikuwa wengi, nao walikuwa watu wa heshima zao, wenye sala na sadaka, na kila mmoja aliweza kusema: mimi sikushika upanga.

Hiyo ndiyo hatari ya hisa, nayo ni hatari ya roho kabla ya kuwa ya mfuko. Mwenye jahazi alimjua nahodha wake kwa jina. Lau amesikia kwamba nahodha ameteka watu njiani, hangeweza kujifanya hajui. Mwenye hisa amewekwa mbali. Kati yake na kazi yenyewe wamesimama wakurugenzi, mameneja, mawakala na madaftari, na umbali huo humfanya aone fedha iliyooshwa, isiyo na harufu. Umbali huficha dhima, lakini hauiondoi. Mshirika aliyekubali kwamba faida ni yake kwa sababu mali yake ilikuwamo hawezi kugeuka akasema kwamba dhulma si yake, hali mali ni ile ile, na kampuni ni ile ile.

Huenda mtu akasema: mimi nina hisa 100 katika mabilioni, sauti yangu itamfikia nani? Twajibu kwamba dhima huenda kwa kadiri ya uwezo. Hatusemi kwamba mwenye hisa 100 ana kosa sawa na mkurugenzi aliyetia saini. Twasema kwamba yampasa ajue, aulize, na akiona uovu usiorekebishwa, atoke. Haya matatu yamo katika uwezo wa mwenye hisa moja. Hata sharia za nchi zimeligusa jambo hili: Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 yasema kwamba mwenye hisa aliyepokea gawio lisilo halali kisheria, naye ajua au ana sababu ya kujua kwamba si halali, atalirudisha. Mpokeaji, basi, si kipofu hata mbele ya kadhi wa Serikali.

HAKI YA MFANYAKAZI NA HAKI YA MWENYE HISA

Yako mas'ala mengine yaliyogawanya rai za watu, nayo ni haya: faida ikiwa kubwa, nani atangulizwe?

Katika Marekani, mwaka 1916, Henry Ford aliyekuwa na sehemu kubwa ya kampuni yake ya magari alitangaza kwamba hatatoa tena magawio makubwa ya ziada. Alisema faida itatumiwa kujenga viwanda, kupunguza bei ya magari, na kuajiri watu wengi zaidi. Ndugu wawili, John na Horace Dodge, waliokuwa na asilimia 10 ya hisa, walimshtaki. Mwaka 1919 mahakama kuu ya jimbo la Michigan ilimwamuru atoe gawio la zaidi ya dola milioni 19, ikasema kwamba kampuni ya biashara imeundwa kwanza kwa faida ya wenye hisa wake. Lakini haikumzuia kupanua viwanda.

Watu wengi wakisoma habari hii humpenda Ford na kuwachukia wale ndugu wawili. Sisi twaona kwamba mizani ina pande zote mbili. Ujira wa mfanyakazi ni deni, na deni hutangulia faida. Kampuni inayowapunja wafanyakazi wake ili gawio linenepe imegawanya kitu kisichokuwa chake, na kila aliyepokea gawio hilo ana punje ya mwenziwe mfukoni. Hapo hatuna shaka. Lakini ujira wa haki ukisha kulipwa, na madeni yakisha kulipwa, kilichobaki ni cha washirika wote, wadogo na wakubwa. Mshirika mkubwa hana haki ya kuwafungia wadogo fungu lao, kisha akajipatia sifa za ukarimu kwa mali yao. Sadaka ni ya mali ya mtu mwenyewe. Tena hao ndugu walikuwa wamekwisha kuanzisha kiwanda chao cha magari, na Ford alijua kwamba gawio lao lingelisha kiwanda cha kushindana naye. Basi si kila anayezuia gawio kwa jina la maskini amezuia kwa ajili ya maskini.

GAWIO LA UONGO

Na kosa lililo kinyume cha hilo ni kugawa kisichokuwapo. Ile kampuni ya Waholanzi tuliyoitaja, kwa miaka mingi ya karne ya 18, iligawa zaidi ya ilivyochuma, ikakopa ili watu wasijue kwamba hali imebadilika. Wenye hisa walifurahi, wakidhani kwamba gawio ni dalili ya afya. Mwisho wa mwaka 1799 kampuni ilivunjwa, na madeni yake yakabebwa na dola ya Uholanzi, yaani na watu ambao wengi wao hawakula gawio hata mara moja. Hivi ndivyo tulivyosema juu ya hasara kusukumwa mlangoni mwa mwingine.

Mkulima akila mbegu mwezi wa njaa, nyumba yake hushiba, na majirani humwona ameneemeka. Msimu ukija ndipo ijulikanapo alichokula. Ndiyo maana sharia hazikubali gawio litolewe ila katika faida iliyopatikana. Na mwenye hisa anayeshangilia gawio bila ya kutazama kwamba kampuni yake imekopa ili kulilipa, ashangilia kuliwa kwa mali yake mwenyewe.

YATUPASAYO

Basi mtu mwenye hisa, au mwenye kutaka kununua, afanye nini?

Kwanza, aulize kazi ya kampuni kabla ya kuuliza bei. Kampuni ambayo kazi yake yenyewe ni riba, ulevi au kamari haina mjadala. Ama kampuni ya kazi ya halali ambayo huchanganya na mambo ya riba, kwa kuweka fedha zake katika benki au kukopa, wanavyuoni wamekhitalifiana. Kikao cha Jeddah cha mwaka 1992 kilisema kwamba asili ni kukataza. Taasisi ya viwango vya hesabu za Kiislamu iliyo Bahrain, AAOIFI, imeruhusu kwa masharti: deni la riba lisipite asilimia 30 ya thamani ya hisa za kampuni sokoni, na pato lisilo halali lisipite asilimia 5, na mwenye hisa atoe kiasi hicho katika gawio lake awape wahitaji bila ya kukihesabu kuwa sadaka. Kila mtu na afuate elimu anayoiamini. Lakini asifuate rai nyepesi kwa sababu gawio ni zito.

Pili, asome mahesabu. Makampuni yaliyo katika Soko la Hisa la Nairobi huchapisha mahesabu yao kila mwaka. Mtu atazame mambo manne tu: faida ni kiasi gani, gawio ni kiasi gani, deni limeongezeka au limepungua, na wafanyakazi wamelipwaje. Asiyeweza kusoma Kiingereza cha wahasibu amwombe kijana wake amsomee. Twawafundisha watoto hesabu, kisha haturidhiki kuwatumia!

Tatu, ahudhurie mkutano. Zamani ilikuwa udhuru kwamba Nairobi ni mbali. Tangu mwaka 2020 makampuni mengi yamefanya mikutano yao kwa intaneti, na mtu wa Lamu au Vanga aweza kusikiliza na kupeleka suala lake kwa simu. Lau watu ishirini wa mji mmoja watauliza suala moja la haki, wakurugenzi hawatalisahau upesi.

Nne, aandike. Wako watu waliokufa na hisa ambazo warithi wao hawakuzijua. Gawio lisilodaiwa kwa miaka hutolewa katika kampuni likapelekwa kwa Mamlaka ya Serikali ya mali zisizodaiwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, na warithi huweza kulidai huko. Lakini nani atadai asichokijua? Hisa ni urithi kama nyumba na shamba, na mayatima wana fungu humo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msomaji, hatukukuandikia haya ili uchukie mali wala ili uache biashara. Umma usio na mali hutawaliwa na wenye mali, na sharika ni mlango mzuri ambao wadogo huweza kuingia pamoja pale ambapo mmoja mmoja hawawezi. Tunalolikhofia ni kwamba tutajifunza kupokea bila ya kujifunza kuuliza. Fungu lako likija, halali yake yakutaka ujue limetoka katika mkono wa nani, na mkono huo ulilipataje. Ukishajua, na ukaridhika mbele ya Mola wako, basi kula kwa furaha, uwape wahitaji haki yao. Na ukijua usiridhike, fahamu kwamba fedha hiyo, hata ikiwa ndogo, ina watu wanaokungoja uulize.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na macho ya kulitambua.